Tamko la Majeruhi wa Ajali Unguja: Kampuni ya Bima Isiyotaka Kulipa Iseme kwa Maandishi

Sisi wanachama wa chama cha majeruhi wa ajali na jamaa zao katika kisiwa cha Unguja, tuliokutana Mji Mkongwe, tunatoa tamko hili kwa kampuni zote zinazouza bima ya vyombo vya moto Zanzibar, kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na kwa kila anayepanda gari ya abiria asubuhi akitaraji kurudi kwake jioni.

Tunalolitaka tunalisema mwanzo, ili asiye na muda wa kusoma yote asilikose. Kampuni ya bima ambayo haitaki kumlipa majeruhi imwambie hivyo kwa maandishi, kwa Kiswahili, ikitaja sababu na kifungu cha mkataba inachokitegemea, na imwambie ndani ya muda wa sheria. Isipoweza kufanya hivyo, ilipe.

Wachache kati yetu wamewahi kupewa barua ya kukataliwa. Waliobaki tumeambiwa tusubiri: faili liko kwa meneja, faili limepelekwa Dar es Salaam, mhusika yuko likizo, njoo wiki ijayo. Mtu aliyekataliwa kwa barua anajua pa kwenda. Ana karatasi ya kupeleka TIRA, ana kitu cha kumwonyesha wakili. Aliyeambiwa asubiri hana chochote mkononi, na huku muda wa kufungua kesi mahkamani unampita. Tumewaona wenzetu wakingoja kwa adabu na subira mpaka haki yao ikaisha muda, kisha wakaambiwa na kampuni ileile iliyowangojesha kwamba wamechelewa.

Miongoni mwetu wamo abiria na makonda wa gari za shamba, waendesha bodaboda, waliogongwa wakivuka barabara kwa miguu, wahudumu wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje waliopata ajali alfajiri wakiwahi zamu, na mafundi walioanguka kazini. Wamo pia wake, waume, wazee na watoto wanaouguza. Hatutaji katika tamko hili jina la kampuni yoyote tunayoidai. Madai ya wenzetu wengi bado yako mezani, na hatutaki maneno yetu yafanywe kisingizio cha kuyakwamisha zaidi.

Ajali mbaya ikitokea Makunduchi au Matemwe, majeruhi hupakiwa katika gari yoyote iliyo karibu, na mara nyingi huishia Mnazi Mmoja au Lumumba. Akiwa amevunjika vibaya au ameumia uti wa mgongo, huenda akavushwa bahari mpaka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilitangaza matibabu bure katika hospitali za Serikali, na tunalishukuru hilo kwa dhati, kwani bila ya hilo baadhi yetu tusingekuwa hai leo. Lakini hospitali haikulipi ujira wa miezi uliyolala. Haimlipi mkeo aliyefunga biashara yake Darajani ili akuuguze. Hailipi nauli ya boti ya ndugu anayekufuata bara, wala chumba anacholala huko, wala maziwa ya mtoto mliyemwacha kwa jirani. Mzigo huo unabebwa na ukoo: huyu anauza mikarafuu aliyorithi, yule anaweka rehani kiwanja, mwengine anamtoa mtoto skuli ya kulipia. Fidia ya bima inayodaiwa hapa ni ya kurudisha vitu hivyo. Hakuna aliyevunjika nyonga ili atajirike.

Kwa anayeishi Mji Mkongwe kuna jambo jengine, ambalo mtathmini aliyekaa ofisini halioni. Nyumba nyingi za Kiponda, Malindi na Mkunazini ni za ghorofa, na ngazi zake ni nyembamba, zimesimama wima, na vipandio vyake havilingani. Mtu aliyekatwa mguu, anayekaa ghorofa ya pili katika nyumba ya wakfu, hana ila mawili: abebwe na vijana kila anapotaka kutoka, au asitoke. Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi zile. Teksi haifiki mlangoni kwa sababu gari haiingii kichochoroni. Ijumaa inapita, msiba unapita, harusi ya mwanawe inapita, yeye yuko dirishani. Kwake yeye, kuhamia nyumba ya chini Fuoni au Mwanakwerekwe na kuanza kulipa kodi ni gharama iliyoletwa na ajali sawa na gharama ya dawa. Tunapoiandika gharama hiyo katika madai, inapigwa mstari.

Sasa tuizungumze bima yenyewe. Ile inayoitwa bima ndogo, ambayo kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa nayo kabla ya kuingia barabarani, haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani anayeumizwa na gari ile. Waingereza waliifanya ya lazima kwao kwa sheria ya 1930, na mwaka 1934 wakaongeza kwamba hukumu ikishatoka dhidi ya mwenye gari, kampuni yake ya bima ndiyo itakayomlipa majeruhi, hata kama kampuni na mteja wake wana ugomvi wao. Utaratibu huo ukaenea katika nchi walizozitawala, Afrika Mashariki ikiwemo, na ndio msingi wa bima ya gari tunayoijua leo. Huyo mtu wa tatu ndiye sisi. Bima ile ilitungwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuchagua gari, hakumchagua dereva wala hakuichagua kampuni.

Ndiyo maana inatuumiza kauli tunayoisikia mara kwa mara kaunta: wewe si mteja wetu, mlete mwenye gari. Mwenye gari mara nyingi hapatikani. Pengine ameshaiuza, pengine kahamia Pemba, au yupo lakini anakwepa, kwa kuwa mkataba wake unamkataza kukiri kosa bila ya idhini ya kampuni. Majeruhi anabaki katikati. Kampuni inamtuma kwa mwenye gari, na mwenye gari anamtuma kwa kampuni, na yeye anatembea kwa magongo.

Sheria ya Bima Namba 10 ya 2009, inayotumika Bara na Zanzibar, imeipa TIRA kazi ya kuzisimamia kampuni hizi, na TIRA ina ofisi yake hapa Zanzibar chini ya Naibu Kamishna. Kampuni zinatakiwa kulipa madai ndani ya siku 45 baada ya nyaraka kukamilika. Siku 45 ni muda mzuri, hatuulalamikii. Tunalalamikia hayo maneno ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo tunapopotezwa. Nyaraka zinakamilika lini, na nani anayesema zimekamilika? Kampuni inaomba fomu ya polisi ya PF3. Ukiileta, inaomba ripoti ya trafiki. Ukiipata hiyo, inataka ramani ya ajali. Ukimaliza, inataka nakala ya leseni ya dereva, dereva ambaye wewe hukuwahi kumjua jina. Kisha inataka ripoti ya daktari, kisha ripoti ya daktari mwengine, kisha barua ya sheha. Kila karatasi inaombwa peke yake, na kila mara hesabu ya siku 45 inakuwa haijaanza. Kwa njia hiyo kampuni inaweza kukaa na madai yako mwaka mzima bila ya kuvunja sheria hata siku moja. Kiini cha tamko letu kiko hapa.

Sababu tunazopewa

Tunataka wananchi wazijue hoja zinazotumika kutunyima, maana atakayeumia kesho atazisikia hizihizi.

Ya kwanza ni kwamba gari ilijaza. Kila mtu wa Unguja anajua jinsi gari za shamba zinavyopakia saa za jioni, na sisi hatutetei kujaza. Lakini abiria aliyekalishwa kwenye benchi la katikati hakuwa na mamlaka ya kumzuia konda. Sheria ya Kenya ya bima ya magari dhidi ya mtu wa tatu, Sura ya 405, imelimaliza suala hili katika kifungu cha 16: masharti ya mkataba yanayohusu idadi ya abiria, hali ya gari, au umri na afya ya dereva hayawi kinga ya kampuni dhidi ya aliyeumia. Kampuni inalipa kwanza, kisha inamdai mteja wake. Msimamo wetu ni huohuo. Mkataba ulivunjwa na mwenye gari, basi aulizwe mwenye gari.

Ya pili inahusu leseni: dereva hakuwa nayo, au imekwisha muda, au si ya daraja lile. Jibu letu ni lile la kwanza. Hakuna abiria anayepanda gari ya Jambiani akamwambia dereva amwonyeshe leseni.

Ya tatu, matumizi. Gari ilikatiwa bima ya binafsi, nayo ilikuwa ikichukua wageni kwa malipo kutoka uwanja wa ndege kwenda hoteli za pwani, au vespa ya nyumbani imekodishwa kwa mtalii. Biashara hii imeenea pamoja na utalii, na kila mtu anaiona. Kampuni zinapopokea ada haziulizi sana. Ajali ikitokea ndipo zinapochunguza. Tunawaambia wenye magari bila ya kuwaficha: mnawaweka watu hatarini kwa kukwepa tofauti ndogo ya ada. Na kampuni tunaziambia kwamba uchunguzi ufanywe siku ya kuuza bima.

Ya nne ni taarifa iliyochelewa. Mwenzetu mmoja aliambiwa hivyo, naye katika kipindi alichotakiwa kutoa taarifa alikuwa hajitambui, kalazwa ng'ambo ya bahari, na jamaa zake hawakujua hata kwamba gari ile ilikuwa na bima. Kumhesabia siku mtu aliyezimia ni dhulma, na hatuna neno jepesi la kuliita jambo hili.

Kuna pia hoja ya stika ya bima. Mwenye gari alilipa kwa wakala, wakala hakufikisha fedha, kampuni inasema haimtambui. Hili limepungua tangu stika ziwe za kielektroniki, na tunaipongeza TIRA kwa mfumo huo, kwani sasa mtu yeyote anaweza kuhakiki bima kwa namba ya gari. Kampuni ikishaitoa stika katika mfumo, isipewe nafasi ya kurudi nyuma na kusema wakala alikosea. Wakala ni wake.

Ugomvi mkubwa kuliko yote uko kwenye asilimia ya ulemavu. Daktari aliyekupasua, aliyekuona miezi, anaandika asilimia fulani. Kampuni inamleta daktari wake, anakuangalia kwa muda mfupi, anaandika chini ya nusu. Hatuwatuhumu madaktari kwa uongo. Tunasema kwamba fundi wa kuchonga milango na mtu wa ofisini wanaopoteza mkono wa kulia hawapotezi kitu kimoja, na asilimia ya mwili peke yake haionyeshi mtu amepoteza nini. Baharia wa ngalawa aliyekakamaa goti moja amepoteza kazi yote, hata kama kwenye karatasi amepoteza sehemu ndogo ya mguu.

Mwisho wa safari hii ndefu unakuja ule muda ambao tunaomba kila mtu auogope. Umechoka, deni limekuelemea, na kampuni inakwita: tunakupa kiasi hiki kwa hisani, tia saini. Karatasi unayotia saini inasema kwamba umekubali malipo yote, na kwamba hutadai tena kwa ajali ile, sasa wala baadaye. Wapo waliotia saini wakiwa bado wana vyuma mguuni, wakiwa hawajui kwamba wangehitaji operesheni nyengine. Operesheni ilipohitajika, mlango ulikuwa umefungwa kwa saini yao wenyewe. Karatasi ile iliandikwa kwa Kiingereza cha sheria, na waliotia saini hawakusomewa.

Tungependa wasomaji wajue kwamba hata kule zilikotoka sheria hizi, ucheleweshaji haukubaliki tena. Tangu Mei 2017, mikataba ya bima Uingereza inahesabiwa kuwa na sharti kwamba kampuni italipa katika muda wa kuridhisha, na ikichelewa bila ya sababu, mteja anaweza kuidai hasara aliyoipata kwa ucheleweshaji wenyewe, mbali na fidia ya awali. Na jirani yetu Kenya inatufundisha upande wa pili. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Kampuni hizo zilikuwa zimebeba bima za matatu, na majeruhi wenye hukumu mkononi walibaki wakidai kampuni ambazo haziwezi kulipa. Kwa hiyo tunapoitaka TIRA ikaze usimamizi, hatutaki kampuni zifilisike. Tunataka zitoze ada inayotosha na ziweke akiba inayotosha. Ada ya bei ya kutupa inayouzwa ili kumnyang'anya mwenzako mteja ndiyo inayozaa njoo kesho.

Kuna wanaosema kisiwa chetu hakina uwezo wa kuendesha bima inayolipa vizuri. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo mtu mzima hulipia dola 44 za Marekani. Bima hiyo inahusisha matibabu ya dharura, kusafirishwa kwa mgonjwa, hata mzigo uliopotea. Tunaiunga mkono. Mgeni ni mgeni, na aibu ya mgeni aliyeachwa barabarani ni aibu yetu sote. Ila tunauliza kwa uchungu: kama tumeweza kupanga, kabla mgeni hajatoka kwao, nani atamlipia akivunjika mguu Paje, vipi hatujaweza kupanga nani atamlipia mhudumu aliyevunjika mguu katika barabara ileile akienda kumtandikia kitanda?

Kuhusu walioumia kazini tutasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe si fupi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo la Beit-el-Ajaib iliporomoka pale Forodhani wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walifariki na wengine wakajeruhiwa. Mji Mkongwe mzima ni jengo linalohitaji fundi, na fundi huyo mara nyingi ni kibarua asiye na mkataba. Bara waajiri wanachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, lakini mfuko huo ni wa Tanzania Bara. Huku kwetu sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 1986, iliyorekebishwa 2005, imemwekea mwajiri jukumu hilo. Mwajiri mwenye bima huishia kumtuma kibarua kwa kampuni, na hadithi inarudi kuwa ileile. Tunaitaka Wizara inayosimamia kazi ishirikiane na wanaotoa vibali, ili ukarabati wowote mkubwa Mji Mkongwe usiruhusiwe mpaka ihakikishwe kwamba bima ya mafundi ipo na imelipiwa.

Na bahari haitusahaulishi. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi, na MV Skagit ikafuata Julai 2012. Hakuna nyumba katika visiwa hivi isiyomjua mtu aliyekuwemo. Tangu hapo hoja ya chombo kujaza haiwezi kuwa jambo la kisheria tu kwetu. Abiria hakujaza chombo.

Tunayoyataka

Tunaitaka TIRA, kwa mamlaka iliyonayo, iagize kwamba kila kampuni impe mdai orodha kamili ya nyaraka siku ya kwanza anapofika, ikiwa imeandikwa na kupigwa muhuri, na kwamba karatasi isiyomo katika orodha hiyo isiweze kusimamisha hesabu ya siku 45. Agizo hili moja, likitiwa nguvu, litamaliza nusu ya malalamiko yetu. Halihitaji fedha wala sheria mpya.

Tunataka kukataa kuwe kwa barua, kama tulivyosema. Tunataka karatasi ya kumaliza madai iandikwe kwa Kiswahili, isomwe mbele ya shahidi aliyechaguliwa na majeruhi, na isitiwe saini mpaka daktari athibitishe kwamba matibabu makubwa yamekwisha. Pale ambapo kosa la dereva halibishaniwi, tunataka kampuni itoe malipo ya awali ya matibabu na nauli, yakatwe baadaye katika fidia, ili mtu asilazimike kuuza haki yake kwa sababu ya njaa.

Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliundwa kwa ajili ya watu kama sisi, wasio na uwezo wa kupambana na mawakili wa kampuni. Tunaomba vikao vyake vya Unguja na Pemba viwe na ratiba inayotangazwa redioni na misikitini. Mtu wa Kizimkazi asiyeweza kukaa chini kwa maumivu hawezi kuambiwa haki yake iko ng'ambo ya bahari.

Baraza la Wawakilishi tunaliomba liitazame upya sheria ya Zanzibar ya bima ya lazima ya magari, na kuweka wazi, bila ya kuacha nafasi ya tafsiri, kwamba kujaza, leseni na hali ya gari si kinga dhidi ya majeruhi. Tunaomba pia lifikirie mfuko wa waliogongwa na gari iliyokimbia au isiyo na bima kabisa. Afrika Kusini inaendesha mfuko wa namna hiyo kwa tozo katika mafuta ya gari. Mfuko ule una matatizo yake, nasi hatusemi uigwe kama ulivyo. Lakini mtoto aliyegongwa usiku Bububu na gari isiyojulikana hana hata kampuni ya kuibishia.

Kwa aliyeumia leo

Ndugu yetu uliyelala wodini, na wewe unayemuuguza, haya ni ya kwenu. PF3 ipatikane mapema, na mbakie na nakala. Namba ya gari iandikwe hapohapo, kabla gari haijaondolewa, kisha mtu mmoja wa familia ahakiki bima yake katika mfumo wa TIRA ili ijulikane kampuni ni ipi. Pigeni picha. Majina na simu za abiria wengine wawili watatu yatakusaidieni kuliko maneno yenu wenyewe. Kila risiti iwekwe, hata ya boti, hata ya bodaboda iliyompeleka mgonjwa kubadilisha bandeji, na penye kukosekana risiti andikeni tarehe na kiasi katika daftari.

Msiende kampuni kwa mdomo mtupu. Andikeni barua, hata kwa mkono, pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi nanyi. Wakisema njoo wiki ijayo, rudini nyumbani muandike barua ya pili inayosema tarehe fulani tulikuja tukaambiwa hivi. Barua hizo ndizo zitakazosimama mbele ya TIRA na mbele ya mahkama. Na msiache mazungumzo yakusahaulisheni kalenda ya kesi. Mapema kabisa mwoneni mwanasheria akuambieni mwisho wa muda wenu ni lini, na aipe kampuni notisi kabla ya kufungua kesi, kwani kukosekana kwa notisi hiyo kumewahi kuipa kampuni mlango wa kutokea hata baada ya majeruhi kushinda. Asiye na uwezo aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kimekuwepo tangu 1992, au kwa wasaidizi wa sheria walio katika shehia, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018.

Jihadharini na vishoka. Wapo watu wanaozunguka wodini wakijidai wana jamaa ndani ya kampuni, wanataka sehemu ya fidia na saini yako kwenye karatasi tupu. Mtu wa haki hakuombi saini kwenye karatasi tupu.

Kwa wafanyakazi wa kampuni za bima wanaokaa kaunta, tunajua si nyinyi mnaoamua, na wengi wenu ni watoto wa mitaa hii. Mnaweza hata hivyo kumpa mtu kiti, kumgongea muhuri nakala yake, na kumwambia ukweli kuhusu faili lake lilipo. Wapo kati yenu wanaofanya hivyo, na wenzetu wanawataja kwa dua.

Nakala za tamko hili zinapelekwa Ofisi ya TIRA Zanzibar, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, Wizara zinazohusika na uchukuzi, kazi na afya, Kikosi cha Usalama Barabarani, na makao ya kila kampuni ya bima yenye tawi Unguja. Tunaomba kikao cha pamoja na kampuni hizo mbele ya Naibu Kamishna wa Bima, na tutakuja na mafaili yetu, kila mmoja na lake, na barua zilizopigwa muhuri. Majeruhi asiyeweza kufika, jamaa yake ataliwasilisha lake kwa idhini yake. Kampuni itakayolipa madai ya wenzetu kabla ya kikao hicho tutaitangaza kwa jina na kuishukuru.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama,
Mji Mkongwe, Unguja.